Kupaki kwa rivasi nako ni ushahidi?

Wakuu habari za humu. Jirani yetu hapa Ilazo anahojiwa ishu ya duka kuvunjwa, sasa mtaa mzima ushamhukumu eti kwa vile usiku ule alipaki mbali na duka, chini ya mwarobaini, tena kwa rivasi pua ikiangalia barabara, wanasema alijiandaa kukimbia. Hili linasimama mahakamani kweli?

Dereva_Kisasa: Basi nikamateni na mimi 😂 kazini kwetu kupaki kwa rivasi ni lazima, usalama hiyo, na jua la Dodoma nani anaacha kivuli?

Mzee wa Makole: Kijana, huo ni ushahidi wa mazingira, unakubalika, ila lazima vipande vyote viungane visiache maelezo mengine zaidi ya hatia. Kupaki peke yake hakutoshi, waulize siku zingine hupaki wapi, kama ni palepale kila siku hapo hamna kitu. Ila msidharau pia, Marekani 1977 yule muuaji David Berkowitz alinaswa kwa faini ya kupaki karibu na bomba la zimamoto kule Brooklyn. Ile haikusema ana nia gani, ilionyesha tu gari lake lilikuwepo jirani na tukio, wapelelezi wakamfuata, bastola ikakutwa kwenye gari.

Muuliza swali: Shukrani mzee. Ila we dereva, saa nane usiku kivuli cha nini sasa?

Dereva_Kisasa: Asubuhi si itafika mkuu 😅