Kulipia mashini za boti Dubai kwa kadi, haya makato ya kubadilisha pesa nayakwepaje?

nahodha_shela
Asalaam aleikum jamani. Mimi na mdogo wangu twataka kuchukua mashini mbili za boti za nguvu za farasi 40 kutoka Dubai, maana bei za hapa ukitajiwa watafuta pa kukaa. Muuzaji ashatuma profoma (bili ya awali), dirham 22,000 na kufikisha Mombasa ndani yake, ushuru wa huku ni juu yetu hilo twajua. Yuwataka tulipe kwa kadi, ametuma na linki. Sasa juzijuzi kwa kadi hiyohiyo (akaunti ya shilingi ya kawaida) nililipia propela, nikilinganisha na reti ya gugo naona pesa zimekwenda zaidi, na kwa stetimenti hamna chaji yoyote, laini ni moja tu. Kuwauliza benki waniambia "ni reti ya siku hiyo bwana". Propela si neno lakini hii ni kama laki saba na sabini, siwezi kukatwa na huku naangalia. Kuna njia? Na ule ukurasa wa kulipia wakuuliza ulipe AED (dirham) au KES (shilingi), mdogo wangu yuwasema KES ndo salama sababu waona kabisa shilingi ngapi zatoka, ni kweli?

mama_kasuarina
Kaka hapo kwa KES usiguse. Mimi nina nyumba za wageni huku Malindi na mashini ya kadi ninayo kaunta, Mtaliano akiweka kadi yake inamuuliza yuro au shilingi, akibonyeza yuro basi reti inayotumika si ya benki yake tena, ni ya wenye mashini, na huwa mbaya, na mwenye biashara mara nyingi hupewa kamisheni yake hapo ndo maana kuna wengine huwabonyezea wageni bila hata kuwauliza (tabia mbaya hiyo). Wale waliozoea Malindi huishika mashini wenyewe wakachagua shilingi. Wewe ni vivyo hivyo ila sasa mgeni ni wewe, bei ni ya dirham lipa dirham. Hiyo ya kuona kabisa ni kweli unaona, unaona umeshalaliwa.

Kuhusu stetimenti, Visa na Mastercard wana reti yao ambayo haiko mbali na ya soko, afu benki yako inaongeza asilimia yake juu na kukuonyesha jumla moja. Ingia tovuti ya Visa kuna kikokotoo cha reti, weka tarehe ile propela ilipoingia kwenye akaunti (si siku uliyolipa, mara nyingi zinapishana siku moja mbili), pale kwa asilimia ya benki weka sufuri, tofauti utakayoipata ndo wanayokula. Kwa hesabu yako wewe kila asilimia moja ni elfu saba na mia saba.

mwana_langoni
Mama amemaliza kwa KES. Lakini ukilipa dirham kwa kadi ya shilingi ile asilimia ya benki iko palepale, umepunguza tu hujaepuka. Dawa ni akaunti ya dola na kadi yake. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja, haipandi haishuki, kwa hivyo muuzaji wa Dubai hapotezi kitu akikuandikia invoisi ya dola. 22,000 gawanya kwa hiyo 3.6725 ni dola 5,990 na kitu. Invoisi ya dola, linki ya dola, kadi ya dola, hamna cha kubadilishwa. Angalia linki yenyewe imeandika USD, maana ukilipa AED kwa kadi ya dola bado watakukata. Na uliza benki mapema kama wana ada ya kulipia nje hata sarafu ikiwa ileile, baadhi wanayo.

Sasa hizo dola zatoka wapi. Kama wageni wawalipa dola msizipeleke kubadilisha, wekeni hivyohivyo, kuzigeuza shilingi afu kununua dola tena ni kukatwa mara mbili. Kama ni kununua, kwa dola elfu sita usikubali reti ya ubaoni, mwombe meneja wa tawi awapigie watu wa foreks (wanaouza pesa za kigeni) akupatie reti maalum, ulinganishe na biuro za kubadilisha pesa. Ila usinunue mapema ukakaa nazo ukingoja zipande, mwanzo wa 2024 dola ilifika 160 watu wakajaza, kufika katikati ya mwaka iko 130 hivi.

mzigo_mokowe
Kwa pesa hizo kadi ya nini, fanya TT (kutuma pesa benki kwa benki). Ada yake yajulikana tangu mwanzo, na pale kwa fomu waweka OUR yani gharama zote juu yako, zisije zikamegwa njiani muuzaji akasema hazijatimia akakuzuilia mzigo. Ile kadi ya Visa ya M-Pesa usihangaike nayo, muamala mmoja mwisho laki mbili unusu.

mama_kasuarina
TT kwa mtu unayemjua sawa. Kwa kadi mzigo usipokuja waandikisha malalamiko benki wakazidai pesa, TT ikishatoka imetoka.

nahodha_shela
Propela ilitoka kwake na ilifika, lakini hizi ni nyingi naona bora kadi. Nimemwandikia kuhusu dola amekubali, asema 6,000 kavu. Dola za wageni tunazo kiasi, zilizobaki tutanunua. Ila kadi yangu hii hukataa pesa nyingi kwa mpigo, ya dola nayo si itakuwa hivyohivyo?

mwana_langoni
6,000 amekuzidishia kama dola tisa, nyamaza lipa. Kadi zote zina limiti ya siku, nenda benki ujaze fomu waipandishe kwa siku hiyo na uwaambie kabisa walipia Dubai wasije wakaizuia. Na laini uliyosajili benki iwe hewani, ile OTP (namba ya siri ya kuthibitisha malipo) yaja kwa sms na haikai, kwa hivyo usilipe ukiwa kisiwani Kiwayu.