Noah inamisi mlimani, fundi anataka tubadili injini: naombeni ushauri kabla sijatoa hela

MamaNdizi
Habari za asubuhi wakuu. Naombeni ushauri, kesho kutwa natakiwa nimjibu fundi.

Nina Toyota Noah SR40 ya mwaka 1997, injini ya 3S-FE ya petroli, ile yenye distributa (kifaa cha kugawa cheche kwa plagi). Inabeba ndizi kutoka Tukuyu kwenda Uyole mara tatu kwa wiki, na mdogo wangu ndiye dereva. Tangu mvua zikolee imeanza kumisi, yaani injini inaruka mapigo. Asubuhi ikiwashwa inatetemeka mpaka kwenye kioo cha pembeni huoni kitu, ikipata moto inatulia kiasi. Tambarare inakwenda vizuri tu. Balaa ni tukitoka Kiwira na mzigo kuanza kupanda Isongole: ukikanyaga mafuta inakatakata na kushtuka, na nyuma inanuka petroli mbichi. Ukiachia ekseleta kidogo inatulia, lakini hapo tunapanda kwa mwendo wa mkokoteni.

Tumebadili plagi zote 4, chujio la petroli na la hewa. Hakuna nafuu. Taa ya injini haiwaki. Fundi wetu anasema injini imechoka, silinda moja imekufa, ninunue nyingine ya mtumba kwa milioni 1 na laki 6, ufundi mbali. Hiyo ndiyo hela yote ninayozungushia ndizi. Na hakupima chochote, alisikiliza mlio tu. Yuko sahihi? Natanguliza shukrani.

DerevaMasafa
Pole sana dada. Hapo mmewekewa mafuta ya kuchakachua. Shusheni tangi, lisafisheni, na pampu mbadili kabisa. Mimi ilinitokea hivyohivyo.

FundiMzee
Dada, usitoe hata shilingi kumi ya injini kwanza. Na pampu pia subiri. Petroli mbaya au pampu dhaifu hunyima silinda zote, gari linakosa nguvu kwa ujumla. Wewe unaeleza kukatakata. Nijibu haya: ikiwa imewashwa asubuhi, weka kiganja karibu na bomba la moshi. Moshi unapuliza sawasawa, au kila baada ya mipigo kadhaa unasikia "puf" iliyopungua? Inapunguza maji ya rejeta? Oili inapungua?

MamaNdizi
Shikamoo mzee. Nimetoka kuangalia sasa hivi. Inapiga puf kwa mpangilio, kama mtu anayechechemea. Maji hayapungui. Oili inapungua kidogo, tunaongeza kama nusu lita kwa mwezi, ila chini gari linapolala hakuna doa.

FundiMzee
Marahaba mwanangu. Kuchechemea kwa mpangilio maana yake ni silinda moja, na hapo fundi wako kasikia sawa. Ila silinda kutowaka siyo silinda kufa. Inahitaji vitu vitatu: cheche, petroli na kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Yeye karukia cha tatu, ambacho ndicho ghali kuliko vyote, na hakukipima.

Kwanza tujue ni ipi. Injini iko chini ya viti vya mbele, inueni kiti. Iwashwe, kisha mdogo wako achomoe soketi ya nozeli (kinyunyizio cha petroli) moja moja na kuirudisha. Akichomoa ya silinda nzima, injini itazidi kutetemeka. Akichomoa ya silinda mbovu, hakuna kitakachobadilika. Wengi huchomoa waya za plagi injini ikiwa inawaka. Msifanye hivyo, umeme wake unapiga vibaya na ukikosa pa kwenda unaweza kuua koili au ignaita, vifaa vinavyotengeneza cheche.

Taa ya injini isikutie wasiwasi wala isikupe matumaini. Kompyuta za Toyota nyingi za soko la Japani za miaka hiyo hazikuwa na kazi ya kuhesabu misi.

Kipanya_Umeme
Naongezea kidogo. Gari inayomisi ikiwa imesimama na kupona ukikanyaga, mara nyingi inavuta hewa mahali. Ya dada ni kinyume, inazidi ikibeba mzigo. Mimi naweka kura kwenye umeme wa cheche. Mlimani silinda inajaa hewa nyingi, mgandamizo unakuwa mkubwa, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka ule mwanya wa plagi wa milimita 1.1. Umeme ukiona pale pagumu unatafuta njia rahisi: ufa, unyevu, mpira uliochoka. Usiku washa gari kwenye giza kabisa, nyunyizia waya maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia nguo. Ukiona vimulimuli vya bluu, umempata. Kofia ya distributa nayo ifunguliwe ndani, iangaliwe ukungu na ufa.

MamaNdizi
Wazee wangu, silinda ni namba 3. Nozeli ya 1, 2 na 4 zikichomolewa gari linataka kuzima. Ya 3 ukichomoa ni kama hujagusa kitu.

Gari likapoa, tukavuta waya ya plagi namba 3. Imetoka inachuruzika oili! Ule mpira wa chini umevimba na kulainika kama ndala iliyolowa dizeli. Tukamulika tochi kwenye kisima cha plagi: oili imesimama, plagi inaonekana kichwa tu. Plagi yenyewe haina hata miezi miwili, lakini kwenye kauri nyeupe kuna mstari mweusi mwembamba kama unywele, kutoka juu mpaka kwenye chuma. Kisima cha 2 kina unyevu kidogo, vingine vikavu. Je, oili imepandia kwenye ringi za pistoni? Ndiyo injini imekufa?

FundiMzee
Hapana, mama. Oili ya ringi mbovu ungeikuta ncha ya chini ya plagi, ndani ya chumba cha moto. Hii iko juu, nje. 3S ina kamshafti mbili (vyuma vinavyofungua valvu), na plagi zinakaa katikati ndani ya mirija mirefu. Kila mrija una sili kwenye mfuniko wa juu wa injini, tapeti kava. Kwa gari la miaka hii sili zinakauka kama biskuti, oili inashuka kwenye kisima na kulowesha mpira. Sehemu ya ile nusu lita yako imejificha humo, ndiyo maana huoni doa chini.

Ule mstari mweusi ni njia ya umeme. Kila mkikanyaga mlimani, cheche inatembea nje ya kauri badala ya kurukia ndani. Mngebadili plagi mara kumi bila kuziba oili, zote zingeharibika.

Mkifungua tena, nyonyeni oili kwa sirinji na kufuta kwa kitambaa kabla ya kulegeza plagi, la sivyo yote inamwagikia kwenye silinda. Nunueni gasketi ya tapeti kava, sili 4 za mirija, waya seti nzima, plagi moja.

DerevaMasafa
Nakubali nilikosea. Lakini waya si zipimwe kwanza? Labda ni nzima.

Kipanya_Umeme
Mita itakudanganya hapa ndugu yangu. Kikomo cha Toyota ni omu elfu 25 kwa waya, na hiyo namba 3 inaweza kusoma elfu 10 safi kabisa. Mita inapima kama waya umekatika ndani, haioni umeme unaotoboa mpira kwenda pembeni.

Na kompresheni pimeni hata hivyo, maana plagi zitakuwa nje. Zote 4 zitoke, nozeli na umeme wa cheche vikatwe, ekseleta ikanyagwe mpaka chini, mpige starta. Kitabu kinataka psi 178 kwa injini mpya, isishuke chini ya 142, na silinda zisitofautiane zaidi ya 14. Tukuyu iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo namba zitashuka kidogo. Angalieni zaidi tofauti.

MamaNdizi
Namba hizi hapa: 150, 148, 145, 150. Tumepima mbele ya fundi wetu. Alikaa kimya, kisha akaomba nimtumie huu mjadala ausome.

FundiMzee
Injini hiyo ni nzima. Fungeni tapeti kava taratibu, kwa zamu, kuanzia katikati. Usikaze kwa hasira. Kisha nusa kijiti cha oili. Kama kinanuka petroli mwage oili yote, maana silinda namba 3 imekuwa ikimwagiwa petroli isiyoungua, na petroli inaosha oili kwenye kuta.

MamaNdizi
Kijiti kilinuka kweli, tumemwaga. Kazi yote na vifaa imekula laki 1 na elfu 85. Leo alfajiri tumetoka na mikungu 30, mvua inanyesha. Kiwira mpaka Isongole sikusikia hata mshtuko mmoja, mdogo wangu alikuwa anacheka peke yake kwenye usukani. Mungu awabariki sana. Kitu kimoja tu: ile harufu ya petroli nyuma bado ipo kwa mbali ikiwashwa asubuhi.

Kipanya_Umeme
Ikiwa baridi ni kawaida, kompyuta inaongeza petroli mpaka injini ipate moto. Ila katalaiza (kisafisha moshi kwenye bomba) imelishwa petroli mbichi kwa wiki kadhaa. Gari likianza kukosa pumzi kwenye mwendo mkubwa, rudi hapa tuiangalie.