Mercedes E, BMW Series 5 au Audi A6: ni ipi itakayomfaa mama yangu kwenye barabara ya Kolwezi?

Binti wa Bel-Air

Ndugu zangu, jambo yenu nyote. Ninaishi Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air, na kwa miaka 11 nimeendesha gari dogo la Kijapani ambalo halikuwahi kuniangusha, lakini sasa limechoka. Mara mbili kwa mwezi ninakwenda Kolwezi kwa biashara yangu ya dawa za jumla, takriban kilomita 300 kwenda tu, na mara nyingi ninafuatana na mama yangu mwenye miaka 74, kwa kuwa mdogo wake anaishi huko. Magoti yanamsumbua. Tukifika Likasi huniomba nisimame ili ashuke anyooshe miguu, na mimi humwona jinsi anavyoushika mlango kwa mikono miwili kabla hajathubutu kukanyaga chini.

Marehemu baba alikuwa na Mercedes W123 ya rangi ya kahawia, na hadi leo mama hukizungumzia kile kiti cha nyuma kana kwamba alikishuka jana. Nimejiwekea dola 18,000, ushuru wa forodha ukiwa ndani yake, na nia yangu ni kumrudishia safari za namna ile. Nimebaki na sedani tatu za Kijerumani, zote za usukani wa kushoto: Mercedes-Benz E ya umbo la W212, iliyotengenezwa kuanzia 2009 hadi 2016, BMW Series 5 ya umbo la F10, iliyoanza kuuzwa 2010, na Audi A6 ya umbo la C7, iliyotoka 2011. Kila ninayemuuliza mjini hunitajia nembo anayoipenda mwenyewe, nami nabaki palepale. Naomba mniambie ni injini ipi ya kuepuka, ni kitu gani hufa kwanza kwenye barabara zetu, na ni gari lipi fundi wa hapa analiweza bila kunisubirisha miezi miwili.

Fundi wa Kamalondo

Mama, jambo sana. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa, maana wengi hunijia wakiwa wamekwisha kulipa, na hapo ninachoweza kuwapa ni pole tu.

Weka kwanza nembo kando, utazame injini. Injini za petroli za silinda nne za magari yote matatu huzungusha kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini) kwa cheni, wala si kwa mkanda, na ilikusudiwa kwamba cheni hiyo idumu muda wote wa maisha ya injini. Si zote zilizotimiza kusudio hilo. E 200 na E 250 za kabla ya 2013 zina injini ya lita 1.8 iitwayo M271, ambayo cheni yake hurefuka na kuyala meno ya magurudumu ya kamshafti. Mwaka 2013 sura ya gari ilibadilishwa, na injini ya lita 2.0 iitwayo M274 ikachukua nafasi hiyo. Kuzitofautisha hakuhitaji ufundi: W212 ya mwanzo ina taa mbili zilizoachana kila upande wa mbele, lakini ile ya baada ya 2013 taa zake za kila upande zimekusanywa chini ya kioo kimoja.

Kwa upande wa BMW, 520i na 528i nyingi utakazoonyeshwa zina injini iitwayo N20, ya lita 2.0 na turbo. Reli ya plastiki inayoiongoza cheni yake hukauka, ikapasuka, na vipande vikaangukia kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) hadi vikaziba mahali pampu inapovutia oili. Injini ikikosa oili kwa dakika chache tu, hesabu yake imefungwa. Reli hiyo ilibadilishwa kwenye injini za kuanzia 2015, kwa hiyo F10 ya mwaka wa mwisho ni bora sana kuliko ndugu zake wa 2012. Audi ya lita 2.0 ya miaka ya kwanza ina sifa ya kunywa oili kupitia ringi za pistoni, na anayeinunua lazima azoee kufungua kapoo (boneti) kila juma ili apime oili.

Sasa namna ya kukagua. Huu ni mwezi wa sita, na asubuhi zetu zina baridi. Itumie baridi hiyo. Fika kwa muuzaji saa kumi na mbili, jua halijapanda, na kabla ya salamu kuwa ndefu weka kiganja juu ya kapoo. Ukihisi joto, jua kwamba injini imewashwa kabla hujafika, nawe urudi siku nyingine. Ikiwa baridi, mwombe aiwashe wewe ukiwa umesimama mbele, usikilize sekunde tatu za kwanza tu. Cheni iliyolegea hulia kama kokoto ndani ya kopo, kisha oili ikipanda sauti hunyamaza, na muuzaji atakuambia kwamba ni kawaida. Usimwamini. Baada ya hapo fungua kifuniko cha oili umulike ndani kwa tochi: chuma kikiwa na rangi ya asali, gari limetunzwa, ukikuta utando mweusi mzito kama lami, oili ilikaa humo muda mrefu kupita kiasi, na usiendelee na mazungumzo ya bei.

Msafiri wa Kolwezi

Yaya, mimi ninaendesha F10 ya 2015 kwenye barabara hiyohiyo unayoitaja, huu ni mwaka wa nne, na sijutii. Giaboksi yake ya gia nane, inayotengenezwa na ZF, hubadilika kwa ulaini ambao abiria hawausikii, na uzito wa gari umegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, hivyo unapolipita lori la madini lenye urefu wa nyumba gari halisiti wala haliyumbi. Kama ungekuwa unasafiri peke yako, ningekuambia uchukue BMW bila kufikiri mara mbili.

Lakini umemtaja mama, na hapo inanibidi niseme ukweli wote. F10 nyingi zilitoka kiwandani na tairi zinazoweza kutembea zikiwa hazina upepo, na kwa sababu hiyo hazikupewa tairi la akiba. Zimetengenezwa zikufikishe takriban kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, mradi ubavu haujachanika. Ubavu huo ni mgumu, na kila ufa wa lami humfikia aliyeketi nyuma. Mimi nilitumbukia shimoni usiku, mbele kidogo ya Likasi, nikachana ubavu wa tairi mbili za kushoto kwa mara moja. Nilikesha hapo hadi asubuhi. Tangu siku hiyo nimefunga ringi za inchi 17 na tairi za kawaida zenye ubavu mnene, na tairi la akiba linakaa kwenye buti hata kama linakula nafasi ya mizigo. Gari limekuwa laini zaidi. Yeyote atakayekuonyesha gari la ringi za inchi 19 akakusifia uzuri wake, liwe la nembo ipi kati ya hizi tatu, wewe yakumbuke magoti ya mama.

Mkaazi wa mtaa wa Golf

Ninayo A6 yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na mvua za mwezi wa kwanza zinapoifanya njia ya udongo ya kwetu kuwa kama sabuni, hupita bila kuhangaika. Ndani yake ni kimya sana, na kwa kazi ya mikono iliyofanywa kwenye dashibodi naiona imewashinda wenzake. Hata hivyo, A6 nyingi za bei nafuu ni za kuvuta kwa mbele pekee, na za miaka ya kwanza zilifungwa giaboksi isiyo na gia za kawaida, iitwayo multitronic, ambayo Audi wenyewe waliiacha mwaka 2014. Hiyo usiinunue hata kwa punguzo. Ukikosa ya kuvuta kwa manne, tafuta kwingine.

Binti wa Bel-Air

Nawashukuru sana wote. Fundi, nina swali jingine: nimeonyeshwa E 220 ya mazutu (dizeli), na muuzaji anasema kwamba kwa safari zangu ndefu nitaokoa pesa nyingi. Ni kweli?

Fundi wa Kamalondo

Kwa ulaji wa mafuta ni kweli, na kwa barabara ya Kolwezi dizeli hizi hupumua vizuri. Tatizo ni kichujio cha masizi kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Kimetengenezwa kwa mazutu yenye salfa kidogo mno, na hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu; ukikilisha mazutu ya kwenye madumu ya kando ya njia, kisha ukazunguka nalo mjini wiki mbili kati ya Bel-Air na soko, kitaziba. Nawe siku nyingi za mwezi uko mjini. Na kama itakuwa BMW 520d ya kabla ya 2014, cheni yake iko nyuma ya injini, upande wa giaboksi, hivyo kuigusa tu ni kazi ya kuteremsha vitu vizito. Kaa kwenye petroli.

Muuza vipuri, Kampemba

Niongeze jambo ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa. Vipuri vingi vya Kijerumani hutufikia kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, na huko kote magari ni ya usukani wa kulia. Breki, vichujio, pampu ya maji na bushi hazina shida, ni zilezile. Shida iko kwenye mtambo wa usukani, mikono ya waipa na taa kubwa za mbele: taa ya kule imetengenezwa kumulika ukingo wa kushoto, na ukiifunga hapa itampofusha anayekuja mbele yako usiku. Vitu hivyo viagizwe Ubelgiji au Dubai. Kabla ya kuagiza chochote, niletee namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, inayoanza na WDD kwa Mercedes, WBA kwa BMW, na WAU kwa Audi. Kwa namba hiyo ninapata kipuri chako hasa, si kinachofanana nacho. Kwa uzoefu wa duka langu, vya W212 ndivyo ninavyokuwa navyo rafuni bila kuagiza.

Binti wa Bel-Air

Nimekwisha kuamua, na ninawaandikia kwa moyo wa shukrani. Jana mwenzangu wa kazi alituletea W212 yake nyumbani ili mama aijaribu. Aliketi nyuma, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa kiti, akakunja goti na kulinyoosha mara mbili, kisha akaomba mlango ufunguliwe na kufungwa tena, nami nilijua kwamba alikuwa anausikiliza mlio wake. Hakusema neno kuhusu baba. Alisema tu kwamba hapo angefika Kolwezi.

Kuna E 250 ya petroli ya 2014 iliyoingia kutoka Antwerp kwa njia ya Dar es Salaam, ringi inchi 17, taa za kioo kimoja, na chesisi yake nimekwisha kumpelekea ndugu wa Kampemba. Mzee fundi, je, unaweza kufuatana nami Jumamosi asubuhi?

Fundi wa Kamalondo

Nitakuja, mama. Mwombe muuzaji asiiwashe tangu Ijumaa jioni, na umwulize kama ina sapeni za hewa, yaani zinazobeba gari kwa mifuko ya hewa badala ya springi. Kama inazo, pita Ijumaa hiyo uhesabu ni vidole vingapi vinaingia kati ya tairi na bodi kwenye kila gurudumu, uandike. Saa kumi na mbili asubuhi tutahesabu tena pamoja, tuone kama hewa imevuja na gari limeshuka usiku.