Kipupwe Njombe: nyumba ya bati bila siling, watu sita, bajeti laki moja na nusu. Nianzie wapi?

Mgeni_wa_Nyanda

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoijua baridi ya Nyanda za Juu Kusini. Mwisho wa Aprili familia ya watu sita inahamia Njombe mjini kutoka Tanga. Mdogo kabisa ana miezi saba, na bibi amevuka miaka sabini. Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, kila kimoja kama mita tatu kwa tatu. Tofali za kuchoma hazina plasta nje wala ndani, bati limekaa juu ya papi na hakuna siling. Madirisha mawili yana vioo, mawili yana wavu na mbao tu. Mlango wa mbele umepinda, chini unapitisha vidole viwili. Jiko ni banda la nje. Umeme upo, na mwenye nyumba ameruhusu marekebisho madogo.

Hela yote iliyopo ni 150,000. Nilikuwa nawaza ninunue hita ya umeme, au jioni tuingize jiko la mkaa sebuleni mpaka watoto walale. Kipi kianze?

Fundi_Kenchi

Karibu sana Njombe mkuu. Hita iache. Hita ya wati 2000 inakula uniti mbili kwa saa. Ukiiwasha saa nne kila usiku ni uniti 240 kwa mwezi, na kundi la matumizi madogo lina ukomo wa uniti 75, kwa hiyo hata taa utaanza kuzilipia kwa bei ya juu. Tena inavuta karibu ampea 9 mfululizo. Zile ekstensheni nyembamba za dukani zinachemka kwenye maungio, na moto wa nyumba huanzia hapohapo. Na hata ukimudu bili, nyumba uliyoieleza haishiki joto: hewa ya moto inapanda, inakuta bati, inatokea kwenye mawimbi ya bati pale yanapokaa juu ya ukuta.

Anza na huko juu. Panda ngazi mchana, zima taa, tazama mwanga unapoingilia kati ya bati na ukuta. Kanda udongo na majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole, tengeneza madonge ya ukubwa wa ngumi, sukumizia kwenye kila wimbi mpaka udongo ushike tofali na bati kwa pamoja. Anza ukuta wa kusini mashariki, maana kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unatoka huko. Usizibe kila kitu. Kila chumba bakiza tundu moja la nusu tofali, juu, upande usiopigwa na upepo, uliweke wavu. Watu sita wakilala kwenye nyumba iliyozibwa kabisa, mvuke wa pumzi zao unagandia kwenye bati na asubuhi unawadondokea kitandani. Kuvu nayo inafuata.

Halafu siling. Gypsum kwa bajeti yako haiwezekani. Tumia sandarusi, yale magunia ya plastiki. La kilo mia likipasuliwa ubavuni na chini linatoa kama mita moja na robo za mraba ukishatoa mshono, kwa hiyo chumba chako kinataka nane mpaka kumi. Chukua yaliyobeba sukari au unga. Ya mbolea yaache, harufu haiishi na vumbi lake linawasha. Yashone yawe shuka moja, mshono upite mara mbili, kisha pigilia fito za mabanzi chini ya kenchi (mbao zinazobeba paa) kila baada ya sentimita 60 na uvute shuka kuanzia katikati kwenda pembeni. Wengi huanza pembeni, matokeo yake katikati panabonyea, maji ya mvuke yanakusanyika pale na shuka linachanika. Upande mmoja uwe chini kwa sentimita tano hivi ili matone yakimbilie ukutani.

Tahadhari mbili. Sandarusi linashika moto haraka, kwa hiyo holda ya taa ishuke chini ya siling, tumia balbu za LED tu, na waya uliochubuka ubadilishwe kabla hujafunika. Usikubali pia ushauri wa kumwaga maranda juu yake. Yanazuia joto kweli, lakini uzito unashusha fito, panya wanazaliana humo, na cheche moja inatosha kuteketeza nyumba.

Kuta: plasta ya udongo kwa ndani. Udongo wa kichuguu ndoo moja, mchanga ndoo mbili, majani makavu yaliyokatwa nusu ndoo. Lowanisha udongo usiku kucha. Paka kwanza kipande cha ukubwa wa sinia, ngoja siku mbili: kikipasuka ongeza mchanga, kikimomonyoka ukikisugua ongeza udongo. Mwagia ukuta maji kabla ya kupaka, la sivyo tofali zinanyonya unyevu wote na plasta inabanduka ikiwa nzima. Maliza kabla ya katikati ya Mei. Ukungu wa Juni ukiingia haikauki, nanyi mtalala na ukuta mbichi, jambo ambalo ni baya kuliko ukuta ulio wazi.

Mlango: pigilia chini yake kipande cha tyubu ya gari kwa ndani, kiguse sakafu. Madirisha ya wavu: nailoni nzito ndani ya fremu, ibanwe kwa fito pande zote, ikae mbali na mbao kwa sentimita tatu. Hiyo hewa iliyofungwa katikati ndiyo inayokukinga, nailoni ikigusa mbao haina faida kubwa. Dirisha la kaskazini liache lifunguke. Mwezi wa sita jua la huku liko upande wa kaskazini, saa sita mpaka saa tisa unalifungua, unaanika blanketi hapo, unafunga kabla ya saa kumi.

Afya_Kijijini

Mgeni, naomba nikusihi kuhusu hilo jiko la mkaa. Usiliingize ndani. Si kwa saa moja, si ukiwa macho, wala si baada ya mkaa "kuiva". Watu wanadhani hatari ni moshi, kwa hiyo wakiona mkaa umekuwa mwekundu hauna moshi wanauingiza chumbani. Gesi inayoua, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu unaitoa saa zote. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndiyo maana kiasi kidogo kinatosha. Kufukia mkaa kwa majivu ili udumu usiku kunazidisha, kwa sababu mkaa unaokosa hewa ndio unaotoa gesi nyingi. Na wewe sasa unakwenda kuziba nyumba kama alivyoeleza Fundi, kwa hiyo hata kile ambacho jirani anafanya kwenye nyumba yenye matundu kwako kitaua.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu, usingizi mzito. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja karibu na moto, msitafute dawa ya malaria: tokeni nje wote na muende hospitali mkapewe oksijeni. Maziwa hayasaidii chochote. Anayesinzia asinyweshwe kitu, atapaliwa.

Mtoto wa miezi saba mvalishe nguo zinazombana kiasi, tabaka moja zaidi ya anazovaa mtu mzima, soksi, na blanketi lisipite kifuani. Ukitaka kujua kama ana baridi mshike tumbo au shingo kwa nyuma. Mikono na miguu ya mtoto huwa ya baridi hata akiwa mzima. Kumrundikia blanketi nzito usoni ni hatari kuliko baridi yenyewe.

Mama_Makete

Ndugu zangu wamesema ya nyumba, mimi nasema ya kitanda, maana usiku wenyewe unalala kitandani si kwenye siling.

Baridi inakupata kutokea chini. Godoro la inchi tatu ukililalia linabonyea mpaka linakuwa kama mkeka, kwa hiyo ukiwa na blanketi tatu, moja litandike chini na mbili zifunike. Anayelala sakafuni awekewe chaga. Kama hakuna chaga, tandika nailoni, juu yake maboksi ya katoni matabaka matatu, kisha godoro. Kila asubuhi inua godoro liegemee ukutani. Ukiacha siku tatu utaona weusi wa kuvu upande wa chini.

Blanketi mbili nyepesi ni bora kuliko moja zito, zinashika hewa katikati. Kwenye mnada wa mitumba chagua la sufu au lenye manyoya, liinue uliangalie kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, liache. Nunua Machi au Aprili. Juni bei imepanda na mazuri yameisha. Nguo ya kulalia iwe kavu, si ile uliyoshinda nayo, kwa sababu jasho la mchana ndilo linalokugandisha saa tisa za usiku.

Maji ya moto kitandani: tumia kidumu cha lita mbili au tatu chenye mfuniko wa kukaza, si chupa ya soda. Chupa ya soda ikipata maji ya moto inasinyaa na mfuniko unaachia. Huku kwetu maji yanachemkia kwenye nyuzi 93 au 94 kwa sababu ya mwinuko. Changanya vikombe vitatu vya yaliyochemka na viwili vya baridi, utapata kama nyuzi 60. Kigeuze juu chini, ukikamue uone kama kinavuja, kizungushie taulo, kiweke miguuni dakika ishirini kabla ya kulala. Kwa bibi kinafaa sana, ila kisimguse ngozi, wazee wanaungua bila kuhisi. Kwa mtoto mchanga unapasha kitanda, kisha unakitoa.

Kwa mwinuko huohuo maharage yatakusumbua kama umetoka pwani. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria ikiwa na mfuniko iingize kwenye kikapu kilichojazwa matambara au maranda ndani ya sandarusi, ufunike. Baada ya saa tatu au nne yarudishe motoni yamalizikie. Kuni zinapungua sana.

Mgeni_wa_Nyanda

Asanteni sana, mkaa nimeufuta kabisa. Mawili yamebaki. Hela niigawe vipi? Na bibi amezoea kuota moto jioni, kumnyima kabisa itakuwa vigumu.

Fundi_Kenchi

Mkuu, blanketi 70,000. Fito, misumari, sandarusi na uzi 35,000. Nailoni na tyubu 15,000. Udongo unachimba, mchanga nusu toroli unatosha kuanzia. Zinazobaki weka kwenye kuni. Zikipungua, kata plasta ya sebuleni, usikate siling ya chumba cha bibi na mtoto.

Bibi aote moto kwenye banda la jikoni, si ndani. Ziba kwa udongo upande wa kusi mpaka usawa wa kichwa akiwa ameketi, juu acha wazi moshi utoke, mlango ukae wazi. Wakati wa kulala anaingia ndani, moto unabaki bandani. Mwenye nyumba akikubali jiko la bomba baadaye, bomba lipite mbali na mbao kwa sentimita 45 na litokeze juu ya bati.

Mama_Makete

Na kuni za hiyo 30,000 nunua mara tu ukifika, usingoje Juni. Mabanzi ya paina ni rahisi na yakianikwa juani yanakauka kwa wiki sita hadi nane, lakini yanawaka upesi na kuisha, ni ya kuwashia. Za kukaa motoni ni kuni za miti ya miwati. Mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo unalipia maji na moto unafanya kazi ya kuyakausha. Gonga vipande viwili: kavu vinalia, vibichi vinatoa sauti ya kufa. Angalia na nyufa kwenye ncha. Pasua ziwe unene wa mkono, zipange juu ya mawe zisiguse ardhi, funika juu tu, ubavuni upepo upite. Ukizifunika zote kwa turubai zinaota uyoga.