Mapigo ya baba mkwe hayapandi, naombeni ushauri

Mpiga Kasia: Wakuu, heshima zenu. Baba mkwe ana miaka 67, kila jioni namtoa tunatembea harakaharaka pale Coco Beach. Nimemnunulia saa ya kupima mapigo. Mimi nikianza kuhema yangu inasoma 150, yeye shati limelowa chepechepe na saa imeganda 96. Ni uzee au hili joto? Nafikiria kabla hatujatoka nimmwagie ndoo ya maji ya barafu, moyo ushtuke.

Mama Wawili: Sema tu unataka mirathi.

Kibarazani: Babu yangu alibeba magunia Kariakoo mpaka meno yakaisha. Hakuwa na saa. Nyie chipsi zimewamaliza.

Nesi wa Zamu: Barafu acha kabisa. Baridi ya ghafla inamwaga adrenalini, ile homoni ya kuukimbiza moyo, mishipa inabana, presha inaruka. Uzee nao umo: homoni hiyo inafika, tena wazee huwa na noradrenalini, ndugu yake, nyingi kwenye damu kuliko vijana, ila msuli wa moyo hauitiki kama zamani. Lakini kile kikomo cha mapigo cha kukadiria ni 220 toa umri, kwake 153. Na joto huwa linapandisha mapigo. 96 na jasho lote hilo? Anameza dawa gani?

Mpiga Kasia: Za kawaida tu za presha.

Nesi wa Zamu: Zitaje.

Mpiga Kasia: Atenololi. Ila tangu Jumatatu nampa nusu kidonge, naona ndiyo inamfunga. Dawa zikizidi si sumu? Na mwenyewe anasema kichwa kimekuwa chepesi.

Nesi wa Zamu: Kufunga mapigo ndiyo kazi yake! Inaziba vipokezi, yaani pale moyoni homoni inaponasa, ili adrenalini isiukimbize moyo. Ukimkatisha kienyeji, vile vipokezi vinaitika kupita kiasi, kifua kinaweza kubana. Mpigie daktari wake leo hii.

Mpiga Kasia: Sijamkatisha, nimempunguzia.

Kibao Kata: Chai hii. Mwaka jana si ulituchangisha rambirambi ya baba mkwe? Nilituma elfu kumi.

Mpiga Kasia: Yule wa mke mkubwa. Huyu wa mdogo.

Mama Wawili: Heee! Na mkubwa anajua kama kuna mdogo? Funguka baba, tumeshakaa mkekani.

Nesi wa Zamu: Jamani, mzee. Umempigia daktari?

Kibao Kata: Elfu kumi yangu kwanza.