Mwanangu ni beki wa hoki ya barafu, ana miaka 14: wasaka vipaji huangalia nini hasa?

baba_wa_namba_6 (Winnipeg)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada kwa wenye uzoefu, hasa mlio na watoto kwenye hoki huku Kanada au Ulaya.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilichocheza ni mpira wa miguu, beki wa kati, mchangani, na beki mzuri nilimjua nikimwona. Huku kwenye barafu nina msimu wa saba nikikaa kwenye mabenchi ya baridi, na bado kuna mambo yananipita. Mwanangu amezaliwa mwishoni mwa Novemba 2011. Ana sentimita 168 na kilo 55. Ni beki wa kulia, na fimbo anaishika kulia. Mwezi wa tano timu za WHL, ligi kubwa ya vijana ya magharibi huku, zinachagua watoto wa rika lake, na tangu mwaka mpya ukumbini wamejaa watu wazima wasio na mtoto uwanjani. Wanasimama juu kabisa, kila mtu na daftari lake.

Jumamosi wawili walisimama nyuma yangu. Mmoja akauliza, "Na huyu namba 6?" Mwenzake akajibu, "Mdogo. Hana shuti." Mazungumzo yakaishia hapo. Ni kweli, hajafunga goli tangu Oktoba. Lakini kocha humwingiza kila tukiongoza kwa goli moja na dakika mbili zimebaki. Sasa nani anaona sawasawa? Na mimi nimtazame vipi? Tukiwa kwenye gari kurudi nyumbani namwambia "piga shuti, mwanangu, piga shuti," naye anageukia dirishani. Nahisi namwambia kitu ambacho sicho.

daftari_jekundu (Red Deer, Alberta)

Kaka, anza kwa kuacha kuitazama paki, kile kisahani cheusi wanachogombea. Najua ni vigumu, jicho linaifuata lenyewe. Lakini beki hufanya kazi yake kubwa kabla haijamfikia. Panda juu, kaa nyuma ya goli badala ya katikati ya uwanja, chagua zamu tatu katika kila kipindi, na katika zamu hizo mtazame namba 6 peke yake, tangu anaporuka ukuta wa benchi mpaka anaporudi kuketi. Ni sekunde arobaini hivi, hamsini zikizidi.

Nimejitolea misimu tisa kwa timu moja ya vijana, narekodi video na kuandika ripoti za mechi, na mabeki ndio ninaowapenda. Kitu cha kwanza ninachohesabu ni shingo. Wapinzani wakirusha paki kwenye kona yetu, beki lazima aifuate huku amewapa mgongo. Kabla hajaigusa, amegeuza kichwa mara ngapi? Kila akigeuza nachora kistari. Mtoto asiyegeuka kabisa anaikuta paki, anashtuka, anaibamiza ukutani iende itakakokwenda. Aliyegeuka mara moja anajua anayemjia yuko wapi. Aliyegeuka mara mbili, bega la kushoto kisha la kulia, anajua pia mwenzake yuko wapi, na huyo ndiye jina lake nalipigia mstari.

Kuna zamu moja ya msimu uliopita sijaisahau. Kijana mwembamba ameifuata paki kona ya kushoto, mshambuliaji anamjia kwa kasi, mpaka juu tulikokaa unasikia visu vya viatu vinavyokwangua barafu. Kijana akatazama huku. Akatazama huku. Akajifanya anakwenda kuzunguka nyuma ya goli, mabega yote yakaelekea huko. Mshambuliaji akaamini, akakimbilia kumkatiza njia. Hapo hapo kijana akakanyagia ukingo wa ndani wa kiatu, akageuka alikotoka, akampa mwenzake pasi ya mita nne. Basi. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini timu yake tayari ilikuwa inapanda, na wapinzani watatu wameachwa nyuma ya paki.

Cha pili ni umbali, na hili wewe uliyecheza beki utalishika haraka. Mshambuliaji anakuja, beki anateleza kinyumenyume. Asiyeiamini miguu yake hurudi, hurudi, hurudi, hadi anakaribia kumkalia kipa, na mstari wa buluu, unapoanzia eneo letu la ulinzi, umeachwa bure. Anayeiamini humsubiri karibu, kama urefu wa fimbo moja na nusu, akimsukumia upande wa ukuta. Mshambuliaji akikosa njia akairusha tu paki mbele, beki ameshinda, na karatasi ya takwimu haitaandika chochote. Andika wewe: mara ngapi walivuka mstari wa buluu upande wake wakiwa na paki, na mara ngapi walilazimika kuirusha. Angalia pia anavyogeuka kutoka kinyumenyume kwenda mbele. Watoto wengi wana upande mmoja mzuri na mmoja mzito, na washambuliaji wajanja huugundua kabla ya mapumziko ya kwanza.

Fimbo yake iko wapi? Iwe chini, kwenye barafu, ndani ya njia ya pasi. Mtafute Jaccob Slavin, beki wa Carolina katika NHL, ligi kuu ya huku, umtazame. Mwaka 2012 alichaguliwa wa 120. Msimu wa 2020–21 alicheza mechi 52 na kupata dakika 2 tu za adhabu, naye kila siku alipangwa kuwakaba washambuliaji wakali kabisa. Hamvuti mtu, hamkwatui. Anaitia fimbo tu paki inapotaka kupita.

Kuhusu shuti, sitakuficha, lina uzito wake. Ila kilo 55 hazipigi kama kilo 85. Umri huu mimi natazama kama paki inapita. Akiwa kwenye mstari wa buluu wa upande wa wapinzani, anampiga kifuani aliyemsimamia, au anasogea kwanza hatua mbili pembeni apate uchochoro? Nguvu zitakuja gimu. Kuutafuta uchochoro ni tabia ya kichwa. Na kule kushika fimbo kulia ni mtaji: mabeki wengi hushika kushoto, wa kulia hutafutwa sana.

Sasa nikuambie kosa langu. Miaka michache nyuma niliandika hivi juu ya beki mmoja mdogo: "Ana akili, hana mwili. Tusipoteze muda." Baada ya misimu miwili alikuja kucheza dhidi yetu, amenipita kimo, na usiku ule upande wake haukupitika. Ukurasa ule sijauchana. Kila Januari, kabla ya kuanza kuzunguka viwanjani, naufungua nausoma. Cale Makar, mtoto wa Calgary, mwaka 2013 alisubiri mpaka raundi ya 8 ndipo timu ya WHL ikamchagua. Mwaka 2017 Colorado wakamchukua wa 4 katika NHL nzima, na 2022 akapata Kombe la Stanley la ubingwa wa NHL, tuzo ya Norris ya beki bora na Conn Smythe ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Waliomtazama akiwa na miaka 14 hawakuwa wajinga. Walimpima kwa kilo.

Yule kocha wako anayemwingiza mkiongoza kwa goli moja ameshaandika ripoti yake. Isome.

mzee_wa_kona (Toronto)

Namheshimu sana daftari_jekundu, lakini baba asipewe nusu ya habari. Tangu U15, yaani rika la chini ya miaka 15, watoto wanaruhusiwa kugongana kwa mwili, na mbele ya goli akili peke yake haimsogezi mtu wa kilo 80. Wanangu wawili walicheza beki. Mmoja alisoma mchezo kama kitabu, lakini akifika ukutani anafika wa kwanza na kuondoka bila paki. Hilo ndilo lililomsimamisha.

Kwa hiyo hesabu na hili: kwenye mapambano ya ukutani, nani anatoka na paki? Tazama magoti. Anayepigana amesimama wima huanguka hata akiwa mzito. Aliyejikunja, makalio chini, akaweka mwili wake kati ya mtu na paki, huyo hasukumwi kirahisi hata akiwa mdogo. Likikosekana, lifanyie kazi kuanzia sasa, msingoje arefuke.

daftari_jekundu

Mzee, nakubali, na hilo la magoti nilipaswa kulisema mimi. Ninachokataa ni kufunga daftari baada ya neno "mdogo". Beki Lane Hutson alichaguliwa wa 62 katika NHL mwaka 2022 kwa sababu ya kimo, na hakurefuka kuwa jitu. Mwaka 2025 alipata tuzo ya Calder ya mchezaji bora mgeni, kwa pasi 60 za magoli katika msimu wake wa kwanza kamili akiwa Montreal. Wanaomjia hawamkuti mahali walipomwona.

mama_tampere (Finland)

Jamani, mbona mmeipita Novemba? Mtoto wa mwisho wa Novemba anacheza rika moja na wa Januari ya mwaka huohuo. Hiyo ni karibu miezi kumi na moja. Kwa miaka 14, miezi kumi na moja ni ndevu za mmoja na sauti ya kitoto ya mwingine. Msaka vipaji asiyeuliza tarehe ya kuzaliwa anachagua kalenda.

Jambo jingine, baba. Mwanangu alipopanda sentimita 11 kwa mwaka mmoja, miguu ilimkataa. Pale alipokuwa akigeuka bila kufikiri akawa anajikwaa, visigino vinauma, analia bafuni nisimsikie. Makocha wengine wakadhani ameshuka kiwango. Mmoja tu, mzee wa Kifini asiyesema sana, aliniambia, "Mikono na miguu imetangulia, yeye mwenyewe anakuja." Ilichukua kama miezi minane. Basi wa kwako akianza kurefuka, msimwongezee mazoezi ya kujiadhibu. Mpe usingizi, mpe chakula, na amwone mtaalamu wa viungo kama maumivu hayaishi. Wewe na mama yake mna urefu gani? Na kiatu anavaa namba ngapi?

beki_wa_nairobi

Mimi nimejifunzia hoki Panari pale, kwenye uwanja wa barafu wa ile hoteli ya barabara ya Mombasa. Uwanja wetu ni mdogo kuliko wa kawaida, yaani ukipokea paki tayari kuna mtu kifuani. Hakuna aliyetufundisha kugeuza kichwa, uwanja wenyewe ulitufundisha. Mwambie kijana acheze sana kwenye eneo dogo, watatu kwa watatu, hata barabarani kwa mpira wa tenisi. Na mwambie Nairobi tuko watu tunamwombea.

baba_wa_namba_6

Ndugu zangu, asanteni. Nimerudi na daftari.

Mama wa Tampere, mimi nina sentimita 186 na mama yake si mfupi. Kiatu amebadilisha mara mbili tangu Septemba.

Jana nilipanda juu nyuma ya goli kama nilivyoelekezwa. Mwanzoni jicho lilikimbilia paki kila mara, mpaka nikaweka kiganja usoni kufunika nusu ya uwanja. Zamu tisa niliandika. Mara kumi na nne alifuata paki kona, na kumi na moja aligeuza kichwa kabla ya kuigusa. Upande wake walivuka mstari wa buluu na paki mara tatu, wakairusha mara nane. Ukutani mzee_wa_kona umesema kweli: alishinda mbili, akapoteza tano, na zote tano alikuwa amesimama wima. Na kuna kitu sikuwahi kukiona miaka yote hii: akigeukia kushoto ni mwepesi, akigeukia kulia anaongeza hatua moja ndogo. Goli la pili tulifungwa hapohapo.

Tumefungwa 3–2. Kwenye gari sikusema habari ya shuti. Nilimuuliza tu: "Kipindi cha pili, ile paki ya kona, yule namba 17 ulimjuaje kuwa anakuja kushoto?"

Akanitazama. Akasema, "Baba, uliona?" Halafu akaanza kueleza kuwa namba 17 huinamisha bega kabla ya kubadilisha njia, kwamba kwenye kioo cha ukuta unaweza kuona kivuli cha mtu anayekuja, na kwamba yule mwenzake wa kushoto huita kwa kugonga fimbo mara mbili. Nikamuuliza na lile goli la pili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ule uzito wa kugeukia upande wa kulia hata yeye anaujua, akauliza kama naweza kumpeleka barafuni Jumanne asubuhi kabla ya shule. Tumefika nyumbani nimezima gari, tumekaa humo ndani dakika ishirini nzima, nje digrii 27 chini ya sifuri, yeye anachora kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu.