Mkonge ekari tatu, mwaka wa pili unakatika na sijaona hata shilingi. Niuze?

Kijana wa Hale
Salaam wanajamvi. Niko huku Hale, Korogwe. Masika ya 2024 nilipanda mkonge ekari tatu kwa pesa niliyodunduliza miaka minne nikibeba mizigo stendi. Mpaka leo hakuna cha kukata, na miche mingine imekufa, shamba lina mapengo. Niliosoma nao wamechukua bodaboda, kila jioni wana chochote mfukoni. Juzi mama kaniuliza taratibu, "Baba, hilo shamba litatulisha lini?" Nikakosa jibu. Kuna mtu analitaka, na bei yake si mbaya. Naomba aliyelima mkonge kwa mikono yake anishauri. "Subira yavuta heri" nimeambiwa sana. Nataka kujua mtu anakula nini huku anasubiri.

Bi Mkubwa wa Muheza
Mwanangu, usiuze. Marehemu baba yangu alikuja Tanga manamba, kibarua wa mashambani, kutoka Songea, akakata mkonge wa watu mpaka uzeeni. Mimi nina ekari mbili na nusu zangu mwenyewe, na nilikata mara ya kwanza zilipotimiza miaka mitatu. Wewe umebakiza mwaka mmoja tu.

Hebu niambie, katikati ya mistari umepanda nini? Mimi miaka miwili ya kwanza nilipanda maharage na kunde. Tulikula, nyingine nikauza, daftari za watoto zikapatikana humo. Na ukipalilia kunde umeshapalilia mkonge. Ukiuacha umezwe na majani utadumaa, na hapo hata ungesubiri miaka kumi hupati kitu.

Siku ya kwanza kukata niliingia shambani alfajiri. Unaondoa kwanza ule mwiba wa nchani, kisha unapitisha kisu shinani. Maji yake yanawasha. Nilivaa mikono mirefu na bado shingo iliniwaka mpaka usiku. Juu nikaacha majani kama ishirini mmea upate kupumua, yaliyokatwa nikayafunga thelathini thelathini. Jioni nikakaa juu ya lile rundo nikamlilia baba yangu, maana yeye hakuwahi kukata jani lililo lake.

Ila gari la kubeba lilichelewa siku tatu. Majani yakanyauka, nikalipwa nusu. Kwenye kukua subiri, kwenye kukata usisubiri hata siku.

Fundi Korona
Bi Mkubwa kasema kweli. Nipo kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, mwaka wa kumi na moja. Kilo 100 za majani zinatoa singa, yaani nyuzi za mkonge, kilo nne hivi, kwa hiyo unasafirisha uzito mkubwa upate kidogo. Hesabu yako ianzie hapo: korona iko umbali gani, na gari linafika mvua zikinyesha? Kama halifiki, mimi nakwambia uza. Bidii yako haitatengeneza barabara.

Mapengo yasikutishe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, Pangani, na mkonge wa Tanga ukaanzia hapo. Chukua maotea, yale machipukizi ya shinani, kwenye miche yako yenye afya, uzibe.

Kijana wa Hale
Shikamoo Bi Mkubwa. Ahsante Fundi. Kunde sikupanda, niliogopa zitanyonya rutuba ya mkonge. Korona ipo kilomita nne, barabara ya changarawe, malori yanapita hata masika.

Aliyetaka kununua nimempigia, nimemwambia basi. Leo nimetembea shamba zima nahesabu mapengo, ni 211. Maotea yapo, kesho naanza kuyang'oa. Mama nimemjibu: masika ya mwakani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mbegu za kunde kilo ngapi zitatosha ekari tatu.